Kona Uliyoniambia Tuiruke

Kópavogur,
Aislandi.
Tarehe 9 Machi 2024.

Mpendwa kaka Benedikt,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye dirisha lenye theluji hadi nusu ya kioo. Hujambo? Goti lako linaendeleaje tangu lile fundo la maji litolewe? Na wifi yangu Noreen, presha yake imetulia? Mwambie aache kumwagilia bustani mchana wa jua la Perth. Mimea itangoja, mishipa ya kichwa haingoji.

Mimi sijambo. Macho yananisumbua jioni, kwa hiyo nasoma asubuhi, na ndiyo maana barua hii naiandika kabla hata sijapiga mswaki. Mwezi Mei nitatimiza miaka sabini na minane, umri wa mtu wa kukaa kitako. Badala yake najifunza kuendesha trela.

Naam, tumeipata. Ni ya wakwe wa mjukuu wangu Solrun, wametuazima kwa wiki mbili za Juni. Kwa nje ni sanduku tu juu ya magurudumu mawili. Ukilifungua, turubai linanyanyuka, vitanda viwili vinachomoza kulia na kushoto, katikati kuna meza ya kukunja na jiko la gesi la mafiga mawili. Kwa sasa imelazwa katika zizi la mkulima mmoja, pamoja na nyingine kama thelathini, zote zikingoja kiangazi kama ng'ombe walioshiba.

Meza yangu ya chakula haina nafasi ya chakula tena. Nimetandaza ramani kubwa ya karatasi, na kichupa cha chumvi ndicho trela. Vipande vya sukari ni mahali tutakapolala. Kila asubuhi nakisukuma kichupa polepole kwenye barabara inayozunguka kisiwa, kusini kwanza, kisha mashariki, na kila kipande cha sukari nakikalia kimawazo kwa muda mrefu kuliko tutakavyokikalia kwa mwili.

Solrun alinikuta Jumanne.

"Bibi, jana ulikuwa umefika Höfn. Mbona leo umerudi nyuma?"

"Upepo ulikuwa mkali. Tumesubiri."

"Humu ndani?"

"Wewe kunywa kahawa, safari niachie mimi."

"Ninywe na nini, Bibi? Sukari yote umeilaza kambini."

Lakini upepo si mzaha, wala hujausahau, najua. Ukipita mita kumi na tano kwa sekunde, trela haikokotwi. Unabaki ulipo, hata kama umebakiwa na kilima kimoja tu, unakaanga samaki na kusikiliza turubai likipumua. Nimetenga siku mbili za upepo katika ratiba. Solrun anasema hakuna mtu anayepanga siku za upepo. Nikamwambia mtu wa kwetu Kaldavik anazipanga kwanza, halafu ndipo anapanga zile nyingine.

Jumamosi alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa kanisa na trela ya kukodi ya kubebea mbao, nijifunze kurudi nyuma. Kumbe ni kama kumsukuma kondoo kwa makalio: ukitaka aende kulia, unabana kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuikunja trela mara tatu pale bibi mmoja aliyekuwa na mbwa aliposimama kunitazama.

"Unaegesha, au unacheza dansi?"

"Nacheza," nikamwambia, "ila huyu mwenzangu hajui hatua."

Akacheka mpaka mbwa akaanza kubweka.

Kaka, nikifumba macho nakuona. Umekaa kwenye kiti cha mbele umevaa lile koti ambalo Noreen anasema ni la kuendea mwezini. Huku na huku maua ya zambarau yamefunika changarawe hadi miguuni pa milima. Kondoo na wanakondoo wake wawili wamesimama katikati ya barabara kana kwamba wameijenga wao. Unasema tuwapigie honi, mimi nasema tuwaache, tunawaacha. Mchana tunakula mkate bapa na nyama ya kondoo ya moshi, juu ya boneti. Alasiri tunajitumbukiza katika bwawa la maji moto la kijiji chochote kile, maji yafike shingoni, mvua ikupige utosini, na wazee wasiotujua watuulize sisi ni watoto wa nani. Nimekuwa nikiishi humo, Benedikt. Theluji inaanguka nje, nami niko Juni.

Halafu kichupa cha chumvi kinafika kaskazini mashariki, pale njia yetu ya zamani inapochepuka kutoka barabara kuu kuelekea Selvik na Kaldavik, na hapo kinasimama.

Barua yako ya Krismasi ninayo hapa. Umeandika: "Nitakuja. Nizungusheni kisiwa chote, ila kona ile tuiruke. Sitaki kuuona mlango ule. Mpaka leo, usingizini, mkono wangu unajaribu kukumbuka ulichofanya."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichonacho. Nimejaribu kuandika barua hii tangu Januari. Nimeanza kwa trela na maua kwa sababu huko ndiko ninakoweza kuanzia. Sasa nisikilize.

Unaikumbuka siku ya kuhama, Oktoba ya mwaka hamsini na tisa. Boti la barua lilikuwa limeondolewa, familia ya mwisho ya majirani imekwisha kwenda, na baba akasema hatuwezi kuwa moshi wa pekee katika ghuba nzima. Mama alisugua kwa mchanga sakafu ya nyumba ambayo hatarudi kulala. Akaacha makaa pembeni mwa jiko, viberiti ndani ya kopo, kahawa, sukari guru, na kikombe kimoja kimefunikwa kwenye sahani. Ndivyo walivyofanya wote walioondoka kabla yetu. Nyumba inayohamwa haifungwi, kwa kuwa atakayekuja amekuja na dhoruba mgongoni. Na sisi tulimjua wa kwanza atakayekuja: Hallvard, mchukuzi wa barua, ambaye kila mwezi alivuka nyika kwa miguu kupeleka barua kwa mlinzi wa mnara wa taa, na nyumba yetu ndiyo ilikuwa nusu ya njia yake.

Botini baba aliuliza, "Nani katoka mwisho?"

Ukasema, "Mimi."

"Umeacha wazi?"

"Nimeacha wazi, Baba."

Ulisema kweli. Uliuvuta tu, ukashuka pwani na sanduku la mama mgongoni, wala hukugeuka. Mimi nilikuwa kijitoni, nasuuza ndoo ya maziwa. Nilipita nyuma ya nyumba, nikarudi ndani bila mtu kuniona. Nilitaka kuitazama mara moja tu. Nikakiona kile kikombe.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mama yangu alikuwa amemwandalia meza mtu asiyejulikana, atakayekalia kiti chetu na kulala kitanda chetu, huku sisi tukienda kulala kwa watu. Niliona wivu, Benedikt. Sina neno zuri zaidi. Nilitaka nyumba itungoje sisi peke yetu. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautia ufunguo ndani ya ndoo, na boti lilipotoka ghubani nikaisuuza ndoo tena ubavuni mwa boti, ufunguo ukazama. Hakuna aliyeuliza kwa nini nasuuza ndoo safi.

Ni mimi. Mkono wako haukufanya kitu. Usiuulize tena.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu uliyabeba wewe. Hallvard alifika Novemba na tufani, akapigana na mlango hadi nguvu zikamwisha, akavunja dirisha upande wa upepo. Alipona. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikupona, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga kinanda katika kanisa la Selvik, kinanda kikakosa mpigaji. Hakuna aliyekuja kutushtaki. Watu wetu hawashtaki, wanapachika jina. Nilikuwa katika kiwanda cha samaki cha Selvik, tulikohamia, ulipoingia asubuhi, wanawake wanakata vichwa vya samaki, na mmoja akaita, "Kitasa! Funga mlango, upepo unaingia!" Wote wakacheka. Nilicheka na mimi. Hilo nalo nimelibeba.

Ulijitetea mwezi mmoja. Baadaye ukaacha kujitetea, na mwishoni ukaanza kuamini. Ulipopanda meli ya Australia, mwaka wa sitini na tisa, ulimwambia mama samaki wameisha na kazi imeisha. Mimi niliyekuwa nimeshika kofia yako nilijua kwamba kazi ilikuwapo.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa baba. Baba alipokufa niliogopa mama. Mama alipokufa nikaona umekwisha kupata mke, watoto, jua, nikajiambia umesahau. Ndipo ikaja barua ya Krismasi.

Wiki iliyopita nilipiga simu Selvik kuulizia nafasi ya trela katika uwanja wa kambi. Aliyepokea ndiye msimamizi wa uwanja, akajitaja: Salome, binti wa Hallvard. Nilikuwa nimeandaa maswali ya umeme na vyoo. Nikamwambia habari ya ndoo.

Nikasikia kiti kikiburutwa upande wake wa simu.

"Miaka sitini na mitano, Jakobina?"

"Sitini na minne na miezi."

"Hata hesabu unayo!" Akavuta pumzi. "Baba hakumlaumu kaka yako hata siku moja. Alisema mlango ni mlango. Alimlaumu Mungu, wakanuniana kama mwaka hivi, kisha akarudi kuimba kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuimba naye. Aliyemlaumu ni mimi. Nilikuwa na miaka saba. Nilimsubiri kaka yako nyuma ya kiwanda na kumrushia vichwa vya chewa. Kimoja kilimpata sikioni."

"Hakuwahi kuniambia."

"Angekuambiaje? Alikiokota, akakiweka ukutani, akaenda zake. Mlete, tafadhali. Nina neno naye."

"Na mimi je?"

"Wewe?" akasema. "Wewe mwandikie yeye kwanza, leo hii. Mimi na wewe tutasemezana ukija, na sikuahidi kwamba nitakuwa mpole. Umeme upo. Vyoo ni vipya."

Kisha akaniambia jambo moja ambalo nataka ulijue kabla ya kuamua. Nyumba yetu bado imesimama, lakini mlango haupo. Upepo uliung'oa zamani, na hakuna aliyeuona tena. Kondoo wa Selvik wanalala jikoni kwa mama wakati wa mvua, wanaingia na kutoka wapendavyo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ingekuwa rahisi mno kwangu, na karatasi ni nyembamba. Nakuomba uje. Nimeweka kipande cha sukari Selvik na kingine Kaldavik, na nimemwambia Solrun asiviguse, naye kwa mara ya kwanza hakunitania. Nataka nisimame pale kiwandani, mbele ya wachache waliobaki wanaokumbuka lile jina, niseme kwa sauti mlango ule ulifungwa na nani. Nitasema hata usipokuja. Lakini kusema bila wewe kuwapo ni kama kulipua fataki mchana.

Ukiona huwezi, andika neno moja tu, nitaelewa, na ni haki yako. Ukiamua kuja huku umekasirika, njoo umekasirika. Solrun atalala na mimi kitanda cha kulia, cha kushoto ni chako. Ninune kuanzia Höfn hadi Akureyri ukitaka. Ila nakuonya, nimepima trela ile kwa mikono yangu, na kati ya kitanda na kitanda ni hatua mbili. Utakuwa unaninunia huku unanipitishia siagi.

Nisalimie Noreen, na umsomee yote haya, usimfiche, ameishi na kivuli cha jina lile nusu karne bila kujua kimetoka wapi. Msalimie Erik na mkewe, na kile kitoto chao kipya ambacho jina lake siwezi kulitamka bado. Solrun anakusalimu sana, anakuita "mjomba wa jua". Binamu Asgerdur wa Akureyri ameshaanza kukausha samaki wa kukupokea.

Mungu akulinde na joto la kwenu, na akulaze usingizi ambamo mkono wako hauna la kukumbuka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja, kwa uso wowote utakaokuja nao,

Jakobina