Chai ya Daktari na Kabati la Dagaa

Jumatatu, 2 Juni 1975

Amerudisha chai tena. Birika zima. Siku ya kumi na moja leo. Maziwa nimeyapokea asubuhi yakiwa bado na joto la kiwele, tangawizi nimetwanga, sukari ni ya mgawo wangu mwenyewe. Daktari amenusa, ameinamisha kichwa kwa heshima, amelisukuma birika upande wangu. Kisha ameomba maji ya moto. Maji matupu.

Miaka sita ninapika katika nyumba hii ya wageni. Mahakimu wamelala hapa, mabwana shamba, hata padri mmoja aliyekuwa akipita kwenda Nyalikungu. Wote waliisifu chai yangu. Ni huyu Mchina wa kutibu kwa sindano aliyeletwa hospitali ndiye anayeikataa.

Ana makopo yake mawili. Majani ya kopo moja yamejikunja marefu, meusi, kama tumbaku. Ya kopo la pili yamefinyangwa vidonge vidonge, kama kunde zilizokauka. Anamimina maji ya moto juu ya majani, halafu maji hayo anayamwaga. Anayamwaga! Mimi nayateka kisimani, foleni tangu alfajiri, yeye anayamwaga dirishani. Kisha anamimina mengine, anakunywa kwa kikombe kidogo kama ganda la yai.

Simpendi.

Jumatano, 4 Juni

Masunga amekuja na karatasi. Ndiye karani anayesimamia nyumba hii, kijana wa suruali pana. Anasema mgeni amelalamika kwa maandishi: chakula hakimridhishi, chai haifai, mpishi abadilishwe. Nimeisoma yote. Kiswahili safi. Chini kuna sahihi ya daktari, kwa maandishi ya kwao.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Mgeni asiporidhika, tarehe mosi Julai anaingia Sofia. Sofia ni shemeji yake Masunga, na ugali wake una madonge.

Kazi ikienda, chumba cha uani kinakwenda nayo. Nyumba yangu ya Bukundi iliezuliwa paa mwaka jana tulipohamishiwa kijiji kipya, huko huko Bukundi. Kiwanja nilichopewa kina vigingi vinne na jina langu kwenye daftari la mwenyekiti. Mume sina. Sitalala kwenye vigingi.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimemchungulia. Majani yale yale ameyamiminia maji mara saba. Mara saba! Mtu mzima, daktari, anakamua majani kama mtoto anayenyonya mfupa.

Alipotoka nikaonja yaliyobaki. Moshi. Chungu kilichoungua. Nimetema.

Na bado kila nikikutana naye ananiambia mwangaluka. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi. Yeye ananipa hata saa kumi jioni. Siitikii.

Jumanne, 10 Juni

Nimejaribu kumridhisha, Mungu shahidi. Nilisema, kama hataki chai yetu, nimpikie chai yake, lakini ipikwe kama chai inavyopikwa. Nikachukua viganja viwili vya yale majani marefu. Maziwa, tangawizi, sukari. Nikachemsha mpaka ikapanda mara tatu.

Ikawa na rangi ya matope ya lambo. Nikaipeleka na vitumbua.

Daktari alitazama birika. Akatazama kopo. Uso ukamshuka kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akaondoka kwenda hospitali bila kula. Mimi nikabaki na sukari yangu ya wiki nzima ndani ya uchafu ule. Mbwa wa jirani pia ameukataa.

Sasa ataandika karatasi ya pili.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuandika. Amekuja jikoni kwangu na makopo yake, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Anataka kunifundisha. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nifundishwe chai.

Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Chai hii inaitwa ulong. Si nyeusi, si kijani, imesimama katikati. Majani marefu yanatoka milima ya mawe, baba yake anayakausha mwenyewe kwa moto, namna ya zamani. Siku hizi wengine kwao wana haraka, moto mara moja basi. Baba yake hana haraka. Maji ya kwanza ni ya kuyaosha na kuyaamsha majani, ndiyo maana yanamwagwa. Maziwa hapana. Sukari hapana.

Nilikunywa ili aondoke. Kikombe cha kwanza moshi tu. Cha pili moshi. Cha tatu nikasikia mahindi ya kuchoma, yale ya shambani, yasiyo na chumvi. Cha tano nilimeza, nikadhani yamekwisha, kumbe utamu ukarudi wenyewe kutoka kooni. Sukari hakuna. Utamu umetoka wapi?

Nimekasirika sana. Nilitaka iwe mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa ametoa kopo la pili, la vidonge. Hii ni namna nyingine, ya wilaya nyingine kwao. Kidonge kinafunguka taratibu ndani ya maji, jani zima, na ukingo wake mwekundu kama umeungua kidogo. Maji yana rangi ya asali mbichi. Harufu ya maua, chini yake mkate uliookwa. Ya milima ya mawe ni ya mtu mzima. Hii ni ya bibi harusi. Nimemwambia hivyo, sijui kama ameelewa. Amecheka.

Ananiamini sasa. Ameniachia makopo yote mawili niyatunze, kwa sababu chumba chake kina jua kali.

Nilikuwa karibu kumpenda mtu huyu. Saa nane Masunga akaja na Sofia. Sofia amebeba kamba. Ameingia chumbani kwangu bila hodi, amepima kutoka ukutani hadi mlangoni, aone kama kitanda chake kitaenea. Akapiga fundo kwenye kamba. Mimi nimesimama hapo hapo.

Na nani aliyetia sahihi? Huyu huyu. Ananimiminia chai, anacheka nami jikoni, na ameshaniuza.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefanya jambo.

Stoo kuna kabati ninalowekea dagaa wa Mwamanyili. Gunia jipya limefika juzi, linanuka mpaka uani. Nimetia humo kopo la majani marefu, yale ya baba yake. Nimelifungua kifuniko. Nimefunga mlango wa kabati, nimetia ufunguo mfukoni.

Mwenyewe alinieleza kwamba majani haya hunywa kila harufu iliyo karibu. Basi yanywe.

Alhamisi, 19 Juni

Ameomba kopo. Nimelifunika, nimempelekea, nimesimama mlangoni nimwone.

Amenusa. Amenusa tena, macho ameyafumba. Amelifunika kopo polepole. Amekunywa maji ya moto matupu, akashukuru, akaenda kazini.

Nimefurahi kutwa nzima. Niseme kweli, nimefurahi mpaka mchana. Baada ya hapo sijui furaha ilikwenda wapi.

Ijumaa, 20 Juni

Hasira hasara. Mama yangu alisema hivyo mpaka akachoka.

Leo nikitandika kitanda chake daktari amenionyesha mikono, imejaa alama za mbu. Akauliza, "Mama, chandarua lini? Mimi sahihi kwa Masunga. Zamani."

Nikauliza sahihi gani. Akanieleza kwa vidole na kwa maneno yake machache. Masunga alimletea karatasi mwanzoni mwa mwezi. Alimwambia ni ya kuomba chandarua. Daktari kusoma Kiswahili hajui, akaweka jina lake.

Nilikaa juu ya kitanda cha mgeni. Sijawahi kukaa juu ya kitanda cha mgeni.

Masunga ni nyoka. Lakini kabati nililifungua mimi, ufunguo ni wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeliiba kopo lililoharibika baada ya daktari kutoka. Nilikumbuka mbegu za karanga. Zikishika unyevu na harufu ya uvundo, mama hakuzitupa. Aliwasha makaa ya mgunga, akayaacha yashike moto yote, yasitoe moshi, kisha akayafunika kwa majivu mpaka usione wekundu hata kidogo. Juu yake mafiga marefu, juu ya mafiga ungo. Unaweka kiganja pale ungo unapokaa. Kikivumilia Salamu Maria moja nzima, moto ni sawa. Ukiondoa mkono kwenye "umejaa neema", ongeza majivu.

Nimesali Salamu Maria nyingi leo, na si kwa ibada.

Kwanza ilitoka harufu ya dagaa, kali kama mwalo wa wavuvi wa Mwamanyili. Nikageuza. Saa nzima. Ikatoka harufu ya majani makavu tu. Nikageuza. Majivu nikaongeza mara mbili. Saa tisa ikatoka harufu ya mahindi ya kuchoma. Nikaanua, nikaacha yapoe, nikarudisha koponi. Mkono wangu wa kulia umevimba.

Masunga amepita, akauliza nimeanza lini uganga. Ningemjibu kwa jembe.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwomba daktari aonje. Maji ya kwanza nimeyamwaga mwenyewe, dagaa wote waliobaki wakaenda nayo. Ya pili akanywa. Akaomba ya tatu.

Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia mama, kwa karanga. Akataka aonyeshwe. Nikampeleka uani, makaa yalikuwa bado chini ya majivu. Alichuchumaa hapo muda mrefu. Anasema baba yake anafanya hivi hivi. Majivu juu ya makaa, kikapu juu, mkono ndiyo kipimo. Machozi yalimlengalenga. Mwanamume mzima, mbele ya jiko langu.

Ningenyamaza ningekuwa nimepona. Hakuna aliyejua. Angeniona mwema mpaka aondoke nchini. Lakini alinishika mkono uliovimba akanitazama kama ndugu, nikashindwa kuvumilia.

Nikasema, "Dagaa niliweka mimi. Kwa makusudi. Nilidhani umeniandikia karatasi ya kunifukuza."

Nililazimika kulisema mara tatu ndipo akaelewa. Niliona anavyoelewa. Aliuachia mkono wangu, akaingia ndani.

Jumatano, 25 Juni

Siku ya tatu. Anakula, anashukuru, hasemi neno. Mwangaluka hakuna. Sikujua kwamba nitaikosa.

Chandarua hakijaja.

Jumatatu, 30 Juni

Nimefunga mizigo. Sufuria tatu, khanga, godoro, picha ya Mama Maria, daftari hili. Kuna lori la pamba linalopita Bukundi keshokutwa. Nitajenga kibanda cha matete kwenye vigingi vyangu. Wengine wamejenga.

Nimechukia watu wote leo, mmoja baada ya mwingine. Masunga, Sofia, mwenyekiti wa kijiji na daftari lake. Daktari sikumchukia. Nimejaribu, haikutoka.

Jumanne, 1 Julai

Sofia alifika saa mbili na kitanda chake juu ya mkokoteni. Masunga nyuma yake, karatasi mkononi. Akaniambia nitoe ufunguo wa stoo. Nikaanza kuufungua kwenye pindo la khanga.

Daktari alikuwa ametoka, nilimwona kwa macho yangu akielekea hospitali. Akarudi. Pamoja naye mganga mkuu wa hospitali, aliyevaa koti jeupe na viatu vya vumbi. Mganga akaomba karatasi, akaisoma kwa sauti, taratibu, mbele yetu sote. Kila sentensi daktari alitikisa kichwa kukana. Ilipofika chai haifai, akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi.

Kisha akasema mwenyewe, "Mimi sahihi chandarua. Mama akienda, mimi kwenda lala hospitali, na barua kwa wakubwa."

Masunga alianza kueleza. Maneno hayakumsaidia. Mganga aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwake, akasema mpishi anabaki na habari hiyo itafika kwa mkuu wa ofisi. Sofia akageuza mkokoteni. Alipopita mbele yangu alitema mate, karibu na mguu wangu lakini si juu yake.

Nilitaka kumshukuru daktari. Nilimfuata hadi barazani. Alinizuia kwa mkono, si kwa ukali.

"Mama pika vizuri. Mama baki," akasema. "Chai, mimi nitaweka mwenyewe."

Jumatano, 2 Julai

Nimefungua mizigo. Picha nimeirudisha ukutani. Chumba ni changu.

Makopo yake yako chumbani mwake, kwenye sanduku lenye kufuli. Jua la mchana linapiga pale pale lilipo sanduku, na yeye anajua. Ana haki.

Asubuhi nimemchemshia maji. Nimeyaweka nje ya mlango wake, nimegonga mara moja, nimerudi jikoni.