Nilichagua Pikipiki Kama Maksai, Sasa Haipiti Langoni

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu kuna mtu atapanda chombo nilichokichagua mimi, na hapa shambani ni mimi peke yangu ninayejua kwamba nilikosea kukichagua.

Mimi ni kibarua wa shamba, mbali na kwetu, mwaka wa nne sasa. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo utanisamehe nikiandika bila kupumzika, hata mizigo nabeba hivyo hivyo, nikishajitwika situi mpaka nifike.

Shamba letu lina ng'ombe wa maziwa na mbuzi, liko kwenye vilima, na mwenye shamba ni mama mmoja aliyeng'oa watu meno kwa miaka thelathini kisha akastaafu, sisi tunamwita Daktari. Miaka yote magunia ya chakula cha mifugo, nguzo za uzio na madumu ya maziwa tulibeba kwa punda na kwa mabega, sasa punda amezeeka, anasimama katikati ya njia anakutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, basi Daktari akaamua kununua ile pikipiki ya magurudumu manne, akaniita akaniambia, "Mimi najua meno. Wewe ndiye utakayeikalia kutwa. Twende ukachague."

Mshauri, mimi sijawahi kuambiwa nichague kitu. Hata viatu ninavyovaa vilichaguliwa na mtu aliyevivaa kabla yangu.

Dukani zilikuwepo mbili, moja ndogo ya cc mia tatu, na nyingine nyeusi ya cc mia saba, pana, imekaa kama inakusubiri useme neno baya. Tulikuwa na msimamizi wetu, ndiye dereva wa trekta, ni mrefu sana, tunamwita Nguzo. Muuzaji aliniuliza maswali ya maana, hilo nakiri, aliuliza tunabeba nini, vilima vikali kiasi gani, nani ataiendesha, halafu akauliza malango yetu yana upana gani. Nikamjibu, "Punda wetu anapita na magunia mawili." Akasubiri kidogo na kalamu yake mkononi, alipoona jibu limekwisha akaliandika.

Mimi nilianza kwa ile ndogo, nikaikalia, miguu ikafika, mikono ikafika. Nguzo akacheka duka zima likageuka.

"Shemeji, hiyo ni ya kutumwa chumvi."

"Inanitosha."

"Ndiyo maana nasema."

Hapo damu ikanipanda. Kwetu nimekua nikilima kwa plau, na baba yangu alinifundisha kwamba maksai humwangalii pembe, unamwangalia kifua na mabega, halafu unampiga kofi begani kwa nguvu, asipoyumba ndiye. Nikashuka kwenye ndogo, nikaizunguka ile nyeusi mara mbili, nikaipiga kofi. Haikuyumba. Nikamwambia Daktari, "Hii." Muuzaji akasema tunazo siku kumi na nne za kuijaribu, ndani ya hizo tunaweza kuirudisha tukabadilishiwa, zikipita ni yetu. Leo ni siku ya tisa.

Siku ya kwanza tu nilifika lango la malisho ya juu, haikupita. Punda alikuwa akipita na magunia mawili kwa sababu magunia yanabonyea na punda mwenyewe ana akili ya kujipenyeza kiupande, chuma hakibonyei. Shamba lina malango matano, inapita mawili. Kwa hiyo sasa kazi yangu ni hivi, napakia magunia kwenye keria, naendesha mpaka langoni, nazima, napakua, nabeba begani mpaka kwenye vihori, narudi kuchukua jingine. Mashine inanisindikiza kazini. Jioni Daktari ananiuliza, "Inakusaidia?" Namjibu, "Sana."

Hayo ningeyavumilia. Lakini Alhamisi nilifunga nyuma tanki la maji la lita mia, limejaa nusu, nikakata kilima kwa ubavu pale juu ya bwawa, mbele kukawa na kichuguu, nikakunja usukani. Sasa ile nyeusi ukiikunja mpaka mwisho mkono wangu wa upande wa pili haufiki, ikabidi nijivute mbele nikaacha kiti, na maji kwenye tanki yakahamia yote upande wa bondeni kama abiria walioona kitu dirishani, magurudumu ya upande wa juu yakanyanyuka, nikaruka. Mashine ikalala kwenye nguzo ya uzio, ikaivunja, ikatulia hapo hapo, taa zinawaka. Ingeikosa ile nguzo ingekuwa bwawani, na mimi nisingeruka ningekuwa chini yake. Niliiinua kwa kamba na kwa hiyo nguzo iliyovunjika, nikachimbia nguzo mpya kabla ya saa sita, nikaipaka tope ili ionekane ya zamani.

Hakuna aliyeona. Lakini yupo mama mmoja mkamuaji, tunamwita Shangazi, kimo chake kinanifikia begani, na mimi mwenyewe si mtu wa kujivunia. Magoti yamemwisha kwa kupandisha madumu ya maziwa kutoka zizi la chini. Daktari ameamua kwamba Jumatatu nimfundishe kuendesha ili apumzishe magoti, na Shangazi kwa furaha ameshajishonea suruali. Jana aliniuliza:

"Mwanangu, haiangushi hiyo?"

"Shangazi, ni kama kukaa kwenye kochi."

"Mimi sina kochi."

"Basi utapata pa kukaa."

Akacheka, akanimiminia chai yangu ikajaa mpaka ukingoni. Sikuweza kuimaliza.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Mke wangu yuko nyumbani na watoto. Baba yake alitaka amwoze dereva wa lori, mwanamume wa mabega, anajaza mlango, lakini mke wangu akamwambia, "Baba, huyo atanivunjia kizingiti. Mimi nataka anayepita." Mzee hajacheka mpaka leo, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuniita mkwe, alikuwa akisema "yule mume wa binti yangu". Sasa siku ya kwanza ya mashine nilimtumia mke wangu picha nimeikalia, nilimwambia mpigaji achuchumae apige kutoka chini ili nionekane mkubwa na miguu isionekane inavyoning'inia. Mzee akaiomba. Anaitembeza kwenye simu yake mpaka kwa kinyozi, anasema, "Mkwe wangu huyo, na chombo chake." Neno hilo nimelisubiri miaka kumi na moja, mshauri, na nimelipata kwa chombo kisichopita langoni.

Nikisema, Daktari atajua kwamba nimemdanganya siku tisa, Nguzo atanicheka mpaka siku ya kurudi kwetu, na huenda siku hiyo ikafika mapema. Nikinyamaza, Shangazi anapanda Jumatatu. Nifanyeje? Na kama ni kubadilisha, ukubwa unaofaa unajulikanaje, maana kofi halikunisaidia?

Ni mimi,
Mchagua Mashine

*

Mchagua Mashine,

Barua yako nimeirusha foleni. Wapo mabwana watatu na bibi harusi mmoja wanaosubiri majibu yangu, lakini hao hawako juu ya bwawa.

Pole kwa Alhamisi. Ulinusurika, na nashukuru kwamba una miguu mifupi yenye haraka. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu baada ya kunusurika ulichukua tope ukaanza kupaka nguzo. Mtu mzima ameponea chupuchupu, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni rangi ya mti! Halafu ukaenda kumwambia mwanamke anayekuita mwanangu kwamba ile ni kochi. Chai ilikushinda kumaliza kwa sababu koo lako lina adabu kuliko ulimi wako.

Tuanze na Jumatatu. Hakuna Jumatatu. Shangazi hapandi hiyo nyeusi, na wewe huipandi tena. Leo hii, kabla ya kukamua jioni, mwombe Daktari mtembee pamoja mpaka kwenye ile nguzo. Nenda na kitambaa na maji, uioshe mbele yake, halafu useme: nilichagua vibaya, ikapinduka hapa, nikakuficha. Maneno hayo yanatosha, usiongeze habari za kichuguu. Unamwogopa bure kwa jambo moja: huyo mama kwa miaka thelathini ameona watu wazima waliokaa kwenye kiti chake wakisema jino haliumi. Anajua lililooza hutolewa vipi, hushikwa sawasawa likatoka mara moja. Hatakasirika? Atakasirika. Siwezi kukuahidi kwamba utabaki na kazi. Lakini ukinyamaza, Shangazi akaviringika na mashine mpaka bwawani, utabaki na kazi ya kueleza, nayo haina likizo.

Irudisheni dukani kabla siku kumi na nne hazijaisha, na mwambieni muuzaji kwamba ilianguka. Mashine iliyolala ubavu ikaguliwe kabla hajapewa mtu mwingine, hata kama taa zinawaka.

Sasa ukubwa. Nilimpigia fundi mmoja wa mashine hizi, nikamsomea barua yako yote. Swali lake la kwanza likawa, "Huyo punda yuko wapi sasa?" Nilipomhakikishia yuko hai, akanieleza haya.

Maksai ulimpima kifua kwa sababu alikuwa anavuta plau kwenye shamba lililo wazi, na kwa sababu maksai akiona mtelemko mbaya husimama mwenyewe. Mashine haioni. Inakwenda unakoielekeza, kwa hiyo unaanza kupima mahali itakapopita, si yenyewe. Chukua futi ya kupimia, ya chuma, uache shibiri na punda, nenda kwenye lango lililo jembamba kuliko yote matano uandike namba. Mashine pamoja na mzigo wake wote iwe nyembamba kuliko namba hiyo kwa kiganja kimoja kila upande. Kama hata ndogo haitapata nafasi hiyo, mwombe Daktari apanue lango kwa kuhamisha nguzo yake moja, na kuchimbia nguzo tumeona unaweza.

Kisha mpimeni mpandaji, na anayepimwa ni yule mfupi kuliko wote. Mpelekeni Shangazi dukani, na suruali yake. Akae. Nyayo zake zikanyage sawasawa pale pa kuwekea miguu. Akunje usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, bila makalio yake kuhama kitini, na vidole vifike breki pande zote mbili. Mashine hizi zinahitaji mpandaji aweze kuegemea upande wa mlima, na mtu anayening'inia hawezi kuegemea, yeye naye ni mzigo. Ikimtosha Shangazi, wewe itakutosha.

Mzigo uje mwisho. Magunia, nguzo chache na madumu ya maziwa hayahitaji cc mia saba. Ile ya mia tatu yenye gia ya kupandia milima itafanya kazi hiyo, mradi msivuke uzito ulioandikwa kwenye keria yake, na mzigo ukizidi mvute tela dogo sehemu za tambarare. Nguvu za kuvuta magogo mnazo tayari. Zinaitwa trekta, na Nguzo amezikalia. Tanki la maji msilibebe tena likiwa nusu, maji yenye nafasi ya kutembea hutembea. Kilimani mpande na kushuka moja kwa moja, msikate ubavu na mzigo, na pakiwa pakali zungukeni. Kofia ngumu kichwani kila siku, hata kwa mwendo wa zizi mpaka zizi. Kiti ni cha mtu mmoja. Na mwalimu wa Shangazi awe mtu wa duka, uwanja tambarare, keria tupu, na wewe ukae karibu yake mfundishwe wote wawili.

Nguzo atacheka. Mwache acheke, kicheko hakina magurudumu. Ila siku moja mkiwa faragha muulize ni mara ngapi amebeba gunia begani kupitia lango la malisho ya juu tangu apewe trekta, kisha usubiri jibu kama yule muuzaji alivyokusubiri wewe.

Imebaki picha. Usimwombe baba mkwe aifute, mzee ameingoja furaha hiyo miaka kumi na moja kama wewe. Piga nyingine. Keti juu ya ile ndogo, miguu yote ionekane, nyuma yako lionekane lango ambalo umeshalipita. Hiyo mtumie mkeo, si baba yake. Ataielewa bila maelezo, kwa kuwa katika familia yenu ndiye mtu wa kwanza aliyepima mlango kabla ya kuchagua.