King'ong'o cha Evelyn

Alhamisi, 12 Juni 2025
Wageni wa Ngaramtoni wanakuja keshokutwa kumposa Evelyn. Mchele upo, kuku bado. Lakini kinachonikosesha raha ni sauti ya mwanangu. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, akashonwa, ila maneno bado yanapitia puani. Shuleni walimwita King'ong'o.

Leo jikoni nimemwambia: Jumamosi usiongee, itikia kwa kichwa tu. Akacheka! Anasomea ualimu, basi akanipa somo. Eti hata mimi nasema puani — m, n, ny, ng', zote ni nazali. "Bana pua, mama, halafu useme 'mama'." Nikabana. Ikatoka "baba"! Tulicheka mpaka machozi.

Kisha nikarudia: usiongee. Akaacha kucheka.

Jumamosi, 14 Juni
Walikuja, wakala, wakasifu pilau. Mshenga wao akamuuliza Evelyn mbele ya watu wote, anawafahamu wageni hawa? Kimya. Hata kichwa hakuinua. Akaulizwa tena. Nikadakia mimi: anawafahamu, ana haya tu.

Vigelegele vichache. Richard, mposaji mwenyewe, hakugusa soda yake.

Jumapili, 15 Juni
Hanisemeshi. Nikiingia, anatoka.

Jumanne, 17 Juni
Mama Richard kapiga simu mchana. Mpole — ndiyo maana imeniuma zaidi. Wazee wao wamesimamisha mipango. Hawataki binti wa kulazimishwa.

Kulazimishwa! Nikamweleza ukweli: nilimzuia mimi, kwa sababu ya sauti yake.

"Sauti gani, Mama Evelyn? Huyu hunipigia kila Jumapili, tunaongea mpaka salio linakwisha. Tulikuja kumsikia yeye."

Na mimi mama yake sikujua. Nilimficha kwa watu waliokuwa wanamngoja. Ningejua tu kunyamaza mimi!

Akasema Evelyn hapokei simu yake tangu juzi. Atapiga tena jioni kwangu, anataka jibu kwa mdomo wa binti mwenyewe. Nikamfuata Evelyn uani, anaanua nguo, nikamwambia yote. Nikamwomba radhi. Hakugeuka.

"Si utaongea wewe, mama."

Sauti ile ile ya puani. Sikuwahi kuisikia na uchungu namna hii.

Sasa yuko hapa mezani, anamenya ndizi. Mimi naandika. Simu iko kati yetu.

Inaita.

Kisu kimesimama. Ananitazama. Safari hii sipokei mimi —