Kikombe cha Sanamaki

Mama,

Zulekha ameacha kula. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza habari zake kabla ya zangu. Anashinda chumbani kwako na mapazia yamefungwa, tumbo limemjaa gesi. Ukimwita anaitika "abee" halafu haji. Kitinda mimba wako, yule wa kuongea kama redio, siku hizi hata kugombana na mimi hataki. Naogopa, Mama. Ugonjwa huu niliuona kwako.

Nilimpeleka kliniki hapa Makindye. Daktari, binti wa Kiganda mpole, alimuuliza mambo ya moyo, kisha akamuuliza mambo ya choo. Nikashangaa. Akatueleza kwamba tumboni mwetu wanaishi bakteria wengi, wengine wa faida, na kwamba tumbo na ubongo hupelekeana habari siku zote. Tumbo likivurugika, akili inaweza kuyumba. Akili ikiumwa, tumbo nalo halitulii. Kipi kinaanza, wataalamu bado wanatafuta. Zulekha ana sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, akasema. Wewe uliondoka hujaambiwa hata jina la kilichokuwa kikikumaliza.

Nililia pale pale mbele ya daktari. Nilikukumbuka ukijishika kitovu na kusema, "Huzuni yangu imekaa hapa." Shangazi akasema ni jini wa tumbo, na kila Ijumaa baada ya swala akawa anakuchemshia majani ya sanamaki. Uliharisha mpaka ukashindwa kusimama, naye akamshukuru Mungu kwamba uchafu unatoka. Nikinuna, ulikuwa ukinituliza: "Mwache, wifi yangu ananipenda." Alikupenda kweli, silikatai hilo. Lakini malaria ilipokuja ilikukuta mifupa mitupu.

Jana, Ijumaa, Shangazi kaja na birika lake. Nikamkuta Zulekha ameshika kikombe anakipuliza kipoe. Nilimpokonya, nikamwaga chote kwenye sinki. Kwetu mtu hamwagi dawa ya mkubwa wake, unajua mwenyewe, na mimi sikuomba hata radhi. Nikamweleza maneno ya daktari yote, na kwamba tumbo la Zulekha halifai kuharishwa. Shangazi akakaa kitako sakafuni. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mama yako?"

Mama, nilikuwa na hasira ya kumjibu ndiyo. Nilikuwa nayo tangu tukuzike. Nikamtazama, mtu mzima yule, kanga imemteleza kichwani wala haioni. Nikamwambia hapana. Sijui kama ni kweli, na daktari mwenyewe asingeweza kuniambia. Nilisema hapana kwa sababu wewe ungesema hivyo.

Alilia sana. Kisha akauliza daktari anaruhusu nini. Vidonge, nikamwambia, kuzungumza na daktari kila wiki, na chakula cha kawaida kidogo kidogo, hata bongo, yale maziwa ya mgando uliyokuwa ukinunua Ggaba. Chakula peke yake hakitamponya, alituonya. Shangazi akaenda kuyanunua mwenyewe. Zulekha alikunywa vijiko viwili vitatu, akageukia ukutani.

Sijui kama atapona upesi. Nitampeleka kliniki hata akinichukia, na Shangazi amesema tutakwenda naye. Lala salama, Mama yangu. Najua umemkumbuka mwanao, lakini huyu simleti huko.

Mwanao,
Mwanaidi