Sura ya Bibi wa Beseni

Koboko, 24 Februari 1974

Mpendwa Mjomba Gaspard,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baba hajambo, ila kifua kinamsumbua asubuhi anapofungua meza yake ya vitenge sokoni. Mimi ni mzima. Na wewe huko Arua, macho yamepona na ule moshi wa taa? Naomba barua hii ikukute na afya njema, maana nataka kukugombeza na sipendi kugombeza mgonjwa.

Dereva Nasuru ameniletea kitabu chako cha nne cha hadithi za picha za Inspekta Leku. Nilikipokea kwa mikono miwili kama komunyo. Nikajificha nyuma ya stoo kukisoma, maana darasani wakiona nina kitabu chako watanilazimisha kusimama na kukisoma kwa sauti, na unanijua. Wananiita Bubu wa Kongo. Nina Kifaransa cha masista wa Aru, ng'ambo ya mpaka, nina Kiingereza cha hapa, na vyote viwili vinanikauka mdomoni nikitazamwa. Kwa karatasi tu ndipo ninasema.

Nimefika ukurasa wa tisa. Yule mla maiti, Bibi wa Beseni, anaingia katika nyumba ya matanga. Amejifunika shuka usoni kama kawaida. Ana beseni la bluu lililobanduka rangi ukingoni. Anatia majani ya mpera katika maji. Anamwita maiti kwa jina, anamwomba ruhusa: "Nakugeuza sasa, mama, usikasirike." Halafu jamaa wanatoka nje, anafunga komeo, anaanza kula vidole.

Mjomba. Mama alipofariki mwaka jana na barabara ikafungwa ukashindwa kuja, uliniandikia: niambie yote, nione kwa macho yako. Nikakuandikia. Beseni lile ni la Rosa Kiden. Majani yale ni ya Rosa Kiden. "Nakugeuza sasa, Ayikoru, usikasirike," hayo ni maneno aliyomwambia mama yangu. Yule juu ya mkeka katika picha yako ni dada yako, na umempa mtu amle.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika maharagwe yote. Sisemi hivi kupamba barua. Nimekinai kweli.

Na ule ukurasa wa mwisho! "KINAKUJA! KITABU CHA TANO! Sura yake itafunuliwa! Ni nani? LABDA NI JIRANI YAKO! Mwandishi mwenyewe atakuwa soko la Koboko, Jumamosi 6 Aprili. Arua, Jumatatu ya Pasaka. Kisha Aru, ng'ambo." Sokoni watu wameanza kubahatisha. Jana nimesikia kwa masikio yangu: "Mama mwenye beseni ya bluu iko moja tu hapa." Wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Rosa Kiden ndiye anayeosha wafu wasio na ndugu hapa, na wenye ndugu waoga kama sisi. Hana kazi nyingine. Wenzake waliporudi Sudan baada ya vita kwisha yeye alibaki. Tafadhali, mpe Bibi wako sura nyingine. Mfanye mwanamume. Mfanye fisi.

Mpwa wako,
Marcelline


Arua, 5 Machi 1974

Kwa mpwa wangu, ua la Koboko,

Salamu kama mvua! Mimi ni mzima, macho yanauma lakini yanaona, na vidole vimekuwa vyeusi kwa wino hata mwenye hoteli ananiuliza kama nimechimba makaa. Msalimie shemeji, mwambie atafune tangawizi. Pole kwa maharagwe.

Sasa nisikilize bila kununa. Seremala hukata mti alipouona. Mimi nilikuuliza, ukanipa, na ulinipa vizuri mno. Watu wanafikiri nimelala na maiti chumba kimoja! Ni wewe uliyeandika ule ukurasa, mimi nimechora tu. Ungekuwa hapa ningekununulia soda.

Ujue pia kazi ilivyo. Vitabu vitatu vya kwanza viliishia kufungia karanga. Nakuna picha kwenye stensili, karatasi ya nta ya kuchapia, mpaka shingo inakakamaa, nazungusha mashine mwenyewe, na mtu anakunja Inspekta Leku anatia karanga! Tangu niandike "Labda ni jirani yako," wananingoja mlangoni. "Mwandishi, ni nani? Tuambie sisi tu." Hata askari wa gereza ameniuliza. Nikiondoa hilo nitabaki na karanga.

Mipango ni hii. Kitabu cha tano, Koboko, tarehe sita. Kisha Inspekta Leku na Mamba wa Darajani, mwezi wa saba. Kisha kimoja kwa Kifaransa, kwa ajili ya ndugu zetu wa Aru, na hapo nakuhitaji. Koboko nitatundika kurasa kubwa kwenye kamba, kama Arua, mtu mmoja anashika fimbo, anaonyesha picha, anasoma kwa sauti. Nusu ya soko hawajui kusoma lakini macho wanayo. Nimekuchagua wewe ushike fimbo. Utapona aibu siku moja tu!

Juu ya sura, bado sijaikata kwenye stensili. Nitaangalia.

Mjomba wako anayejivunia,
Gaspard


Koboko, 17 Machi 1974

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama hapa nyumbani. Natumaini na wewe. Baba anatafuna tangawizi na kulalamika.

Ninakueleza yaliyotokea kwenye bomba la maji, kwa sababu unasema utaangalia. Basi angalia.

Rosa Kiden alikuja na mtungi. Watoto wakaanza kugonga makopo, "Be-se-ni! Be-se-ni!" Yeye hakujua wanaimba nini, akatabasamu na ule mdomo wake wenye meno machache, akadhani ni mchezo. Pasca, jirani yetu, akasimama mbele ya bomba. "Kwenda na beseni yako! Sisi hatujakufa bado!"

Rosa akacheka. Unajua watu wa kazi ile wanavyotania kifo. Akajibu, "Mutakufa tu. Na mutaniita."

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Pasca alikuwa na homa siku hiyo, na ile homa ikapanda jioni. Sasa Koboko nzima inasema Rosa Kiden amemtaja mtoto afe. Mtoto amepona, anakimbia na mbuzi, lakini maneno hayajapona.

Jumatano alikuja kwetu. Akakaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani.

"Mtoto ya Ayikoru, wewe najua kusoma. Ile kitabu inasema nini juu yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nilisoma, Mjomba. Ukurasa wote, mpaka vidole. Mimi ambaye sisomi mbele ya mtu, nilimsomea yule ambaye hakupaswa kusikia. Alisikiliza na jicho lake moja zima likiwa juu ya picha. Mwisho akauliza, "Anakula bila chumvi?"

Nikacheka, nikalia, sijui nilifanya nini. Akanipiga mgongoni taratibu.

"Mutu mwenye kuandika, ananijua?"

"Ni kaka ya mama."

Alitazama pale nyuma ya migomba alipomwaga maji ya kumwosha mama siku ile, akatazama sana, kisha akachukua fimbo yake akaenda. Siwezi kukuelezea uso wake, na hata ningeweza nisingekupa.

Nachukizwa na kitabu chako kiasi kwamba nimekitoa chumbani. Badilisha sura. Waandikie kwamba ni uongo. Au usije kabisa.

Mpwa wako,
Marcelline


Arua, 29 Machi 1974

Marcelline mpenzi,

Hujambo? Naandika mbio, Nasuru anapiga honi. Furahi! Nimepata dawa na sijalala kwa raha yake. Inspekta Leku anavuta shuka, shuka inaanguka, na chini yake HAKUNA SURA. Duara jeupe tupu! Si Rosa wala si mtu mwingine. Nani atalalamika? Na wasomaji watapigwa na butwaa. Wewe ndiye uliyenisukuma, asante.

Tutaonana Jumamosi. Vaa ile gauni ya njano.

Mjomba wako,
Gaspard


Koboko, Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili 1974

Mjomba,

Pasaka njema, kama una nafasi ya kuisikia katikati ya safari zako. Sisi ni wazima.

Ya Jumamosi ile uliyaona mwenyewe. Uliponinyooshea fimbo mbele ya watu nikaweka mikono nyuma, ukacheka ukasema, "Mpwa wangu ana aibu." Haikuwa aibu. Ulisoma mwenyewe, ulisoma vizuri, walishangilia, ukapanda lori la Nasuru. Ninakuandikia yaliyofuata baada ya vumbi la lori kutua.

Wale walionunua walikaa chini palepale wakiwa na ule ukurasa wenye duara. Fundi cherehani akatoa penseli yake. Akatia jicho moja jeusi. La pili akaliacha tupu, jeupe, kama la Rosa Kiden. Watu wakapiga makofi kushinda walivyokupigia wewe. Jumatatu darasani kwetu kila kitabu kilikuwa na jicho moja. Kwa Pasca kimebandikwa mlangoni, kimechorwa kwa mkaa, na meno machache. Mtoto asiyejua kuandika jina lake anajua kumchora Rosa Kiden. Wewe hukuacha uso tupu, Mjomba. Uliwagawia penseli.

Sasa wanamtupia mawe juu ya paa. Mlango wake umepakwa mavi, mavi ya watu, nimeyaona na nimeyaosha, na wakati ninayaosha kulikuwa na kijana nyuma yangu akiuliza kama nitapewa kidole. Kwenye bomba hawamruhusu. Anachota kwenye kinamasi kule ng'ombe wanakokunywa, na tumbo limemshika, anaharisha damu. Nampelekea maji ya bomba na chumvi na sukari ninapotoka shule, lakini shule inatoka jioni. Mganga wa zahanati amesema atakuja. Hajaja.

Baba aliwaambia sokoni waache. Wakamjibu, "Mzee Théodore, wewe uza kitenge." Hawamwamini mtu mwingine, wanakuamini wewe. Wewe ni mwandishi. Basi njoo kabla ya kwenda Aru, usimame palepale kwenye kamba useme: nimetunga, yule mama alimwosha dada yangu na hakula kitu hata chai. Ni maneno machache hayo. Ukisafiri na Nasuru utarudi siku ileile.

Ninakuomba kwa magoti. Njoo.

Mpwa wako,
Marcelline


Arua, 2 Mei 1974

Kwa mpwa wangu Marcelline,

Salamu, na pole. Barua yako ilinikuta nikijiandaa kwa Aru, nikasema nikirudi nitapitia Koboko, kisha Aru wakaniomba nibaki, kisha gari likaharibika. Unajua barabara zetu. Leo Nasuru ameniambia yule mama amefariki. Mungu amrehemu. Wazee hufa, usijibebeshe lawama.

Huku mambo ni moto! Kitabu cha tano kimekwisha, nimekirudia na kimekwisha tena. Nimeahirisha Mamba. Wasomaji wote wanadai jambo moja, na wewe utalielewa kuliko yeyote: KINAKUJA, KITABU CHA SITA, Kaburi la Bibi wa Beseni. Tangazo limeshatoka. Arua tarehe moja Juni, Koboko Jumamosi inayofuata. Usikasirike kwanza. Hapa naweza kumtengeneza. Labda anatubu mwishoni. Labda anaonewa! Nasuru anasema mwoshaji alikosa mwoshaji, watu walisimama mbali, halafu mtu mmoja akaingia. Nilisikia mwili ukinisisimka. Nani aliingia? Alikuwa amelala vipi? Lile beseni lilikuwa wapi? Kulikuwa na harufu, kulikuwa na sauti?

Niandikie yote kama ulivyoniandikia ya dada yangu. Hakuna anayeona kama wewe. Safari hii nitatia jina lako kwenye jalada, chini ya langu.

Mjomba wako akupendaye,
Gaspard


Koboko, 12 Mei 1974

Mjomba Gaspard,

Sisi tu wazima. Natumaini nawe u mzima, kwa kuwa nimefundishwa kutumaini hivyo.

Barua yako nimeisoma mara moja. Palipoandikwa jina langu kwenye jalada nilihisi kama mtu amenitemea mate mdomoni.

Ni mimi niliyeingia. Hilo ulijue, kwa sababu Koboko nzima inalijua. Mengine huyapati. Zamani nilikuandikia kwa sababu sikuwa na mdomo, na karatasi haikunitazama. Leo nakuambia kwa karatasi yale niliyokwisha kuyasema kwa mdomo.

Leo baada ya misa, kabla watu hawajatawanyika, nilisimama pale nje mbele ya mlango. Nikashika ukuta. Nikasema kwa Kiswahili, wote wasikie: Mwandishi ni kaka ya mama yangu. Beseni, majani na maneno, ni mimi niliyempa, yalikuwa ya matanga yetu. Rosa Kiden alimwosha mama yangu, tukampa chai, hakuinywa, alisema mikono yake bado ina kazi. Nikasema mtoto wa Pasca yuko hai, yule pale, amepanda juu ya baiskeli ya mtu.

Mama Natalina, yule mkubwa wa kinamama wa kanisa, akaniita, "Kaa chini, mtoto!"

Sikukaa. Nikasema Rosa alikufa kwa maji ya ng'ombe wakati bomba liko karibu, na waliomzuia wamesimama hapa wakiwa na nguo safi. Pasca akafunika uso. Kijana mmoja akaanza kugonga kopo, be-se-ni, kisha akaacha, kwa kuwa hakuna aliyemfuata. Kisha sauti yangu ikaisha, nikaenda nyumbani. Hawakunipigia makofi. Kitabu kingali mlangoni kwa Pasca, sijui atakitoa lini, labda hatakitoa.

Usije Juni. Ukija, nitasimama karibu na kamba yako, na sitaweka mikono nyuma.

Nilikuwa nimefika hapa katika barua, mtu akapiga hodi. Ni Mama Natalina. Hakunitazama usoni. Alisema, "Nyumbani kwangu iko msiba. Watu wanaogopa kugusa. Wewe ndiye ulimwosha ile mama?" Baba akanitazama, nikafunga kitambaa, nikaenda.

Sasa nimerudi. Ni nani aliyekufa, alilala vipi, na nilimwambia nini nilipomgeuza, usiniulize.

Mtoto wa dada yako,
Marcelline