Chupa Nne za O Hasi

Rijeka, 3 Februari 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila tumbo limekuwa pipa. Kaa kitako kwanza: ni mapacha!

Kuna jambo jingine pia. Daktari amenipima damu, ni kundi O hasi. Watu wake ni wachache, na tukipungukiwa damu hatupokei ya kundi jingine. Marehemu Mama alikuwa A, kwa hiyo huenda nimerithi kwako. Nenda ukapimwe, Baba, na ukiweza uchangie. Najua unavyoogopa sindano, wewe mchinjaji unayeangusha nguruwe wa kilo mia mbili peke yako!

Binti yako,
Nevenka

Bednja, 21 Februari

Mwanangu Nevenka,

Mgongo umepona kwa furaha. Mapacha! Nimewatangazia hadi kuku.

Nimekwenda. Msalaba Mwekundu walikuja kituo cha zimamoto. Kuiona sindano tu, nikaanguka chali. Nesi akacheka: "Bwana Stjepan, hata sijakugusa!"

"Basi gusa upesi," nikamwambia, "kabla sijazinduka vizuri."

Baadaye nikala maharage na soseji, sahani mbili. Na kweli, O hasi!

Nikasema, "Chupa hiyo ipelekeni Rijeka kwa binti yangu." Nesi akatikisa kichwa: inakwenda hospitali ya Varaždin leo hii, kuna kijana kaanguka na pikipiki. Nilikasirika, Neva. "Na mwanangu je?" Akanijibu, "Naye atapewa ya mtu mwingine." Mtu gani huyo? Tangu siku hiyo hata nyama naikata upogo.

Baba yako

Bednja, 20 Mei

Neva mwanangu,

Hujambo? Wiki tatu sijapata barua. Andika hata neno moja.

Baba

Rijeka, 24 Mei

Shikamoo Baba, au niseme Babu!

Wasichana wawili, Zora na Mara, wanalia kama kengele za kanisa! Nisamehe kwa kimya. Sikuweza hata kushika kalamu. Nilitokwa na damu nyingi mno. Baridi ikanishika, sauti zikawa za mbali. Nikamsikia daktari akiuliza, "Ipo?" Nesi akapaza sauti: "Ipo, chupa nne!"

Nne, Baba! Watu wanne nisiowajua. Nimeuliza majina, hawataji. Sasa nakula kama askari.

Mama Zora na Mara,
Nevenka

Bednja, 31 Mei

Mama wa wawili,

Nimelia dukani mbele ya wateja, wakadhani nimefiwa. "Nimezaliwa wajukuu!" nikawaambia, nikawapa soseji bure.

Jana nimechangia tena, safari hii nimekaa wima. Sasa kila ninayekutana naye namtazama: je, si huyu mmoja wa wale wanne? Leo sokoni nikamwona Krešo wa kinu cha unga. Tangu kesi ya mpaka wa shamba hatujasalimiana, mwaka wa kumi na moja huu. Nikamwendea. Akarudi nyuma, kadhani nimekuja kumpiga.

"We Krešo," nikamwambia, "hivi damu yako kundi gani?"

Babu yao