Nani Alimpiga Picha Chini ya Mnara?

Kasulu, Jumapili, Novemba 2015

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu Alhamisi.

Siku hiyo Hamisi, mume wangu, alinitumia picha kutoka Izmir, Uturuki, alikokwenda kununua mapazia ya duka letu. Amesimama chini ya mnara wa saa wa enzi za masultani wa Kiosmani, njiwa miguuni, meno yote nje. Akaandika kwamba watu wa mji ule wakipeana ahadi huambiana tu, "Tukutane mnarani." Wachumba, wafanyabiashara, wazee wa kahawa, wote hungojana pale. Eti zamani jua likizama saa zao zilikuwa kumi na mbili, kama tunavyohesabu sisi.

Mwingine angefurahi. Mimi nilianza kuchunguza.

Hamisi hajui Kituruki, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Nani alimsimulia hayo yote, na kwa lugha gani? Na kama pale kila mtu anamngoja mtu wake, yeye alikuwa anamngoja nani? Nikaikuza picha. Sakafuni kulikuwa na kivuli cha aliyeipiga. Kivuli cha sketi.

Nikampigia. Hakubabaika hata kidogo, na hilo likaniudhi zaidi.

"Ni binti wa Kirundi, mama Zuhura. Anaitwa Goreth. Mimi namwongelesha Kiha, yeye Kirundi, tunaelewana. Kuna watu wamemwahidi kumvusha kwa boti mpaka Ugiriki, ndiyo anawangoja hapo mnarani. Mama yake yuko Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, hajui kama mwanawe yu hai. Mpelekee salamu."

Nimekaa kwenye ndoa vya kutosha kuijua hadithi ya kupikwa.

Kwa hiyo jana nilipanda basi la Kibondo, nikaenda Nduta kambini. Sikwenda kupeleka salamu. Nilikwenda nirudi na ushahidi kwamba mama huyo hayupo.

Yupo. Baada ya kuulizia sana nilimkuta kwenye foleni ya unga, mwembamba, kitenge kimelowa. Nilipotaja jina la Goreth alinishika mikono yote miwili. "Umwana wanje," alikuwa anarudia, mwanangu, mwanangu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama usoni.

Kisha akaniuliza, "Anafanya nini huko, dada?"

Mimi niliyekwenda kusaka uongo nikajikuta nautunga. Nilimwambia Goreth amepata kazi mjini, anapiga watu picha mbele ya mnara wa saa. Akacheka, akawaita majirani waje wasikie.

Leo asubuhi Hamisi ameandika. Amepita mnarani mara mbili, Goreth hayupo, na watu wa pale wanasema boti zimeondoka usiku na bahari ilikuwa imechafuka.

Safari hii namwamini kila neno. Natamani angekuwa ananidanganya.